Quito, Jirani Yetu wa Mstarini

Mtu akifungua ukurasa huu wa Nchi za Jirani hutazamia kusoma habari za Uganda, Tanzania, Ethiopia au Somalia. Leo namwomba Mhariri ruhusa niandike habari za jirani aliye mbali sana, ambaye kati yetu naye kuna nusu ya Afrika, bahari ya Atlantiki na msitu wa Amazon. Huyo ni Quito, mji mkuu wa nchi ya Ekuador katika Amerika ya Kusini. Namwita jirani kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba sisi na yeye twakaa kando ya mstari mmoja. Mtu akiondoka hapa petu akaifuata Ikweta kwenda magharibi bila kupinda, atapita Uganda, na Kongo zote mbili, na Gabon, atavuka bahari, ataingia Brazil, kisha kipande cha Kolombia, na mwishowe atapanda milima ya Andes, aione Quito upande wake wa kushoto, imelala chini ya mlima wa moto.

Nia yangu ni kueleza jinsi mji huo unavyotembelewa, na mambo yampasayo mgeni kuyajua kabla hajafika. Lakini kwanza yanipasa kukiri neno moja.

Wasomaji wengi wamepita mahali ambapo barabara kuu yaikata Ikweta, wakaona kibao, na maduka ya vinyago, na vijana wenye beseni na ndoo. Mmoja wa vijana wale ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Katika likizo mimi humsaidia kazi. Beseni lina tundu chini. Twaenda hatua ishirini upande wa kaskazini, twatia maji, twaelezesha njiti ya kiberiti juu yake, na njiti yazunguka kuelekea kuume. Twaenda hatua ishirini kusini, nayo yazunguka kuelekea kushoto. Twarudi mstarini penyewe, na maji yashuka moja kwa moja bila kuzunguka. Wageni hushangaa, hupiga picha, na kutoa fedha. Sehemu ya karo yangu ya mwaka jana ilitoka katika beseni lile, wala sioni haya kuyasema hayo.

Ninaloona haya ni jingine. Kaka alikuwa amenifundisha siri yake: ukitaka maji yaende kuume, yamimine kwenye ukingo wa upande huu, au geuka taratibu na beseni mikononi unapowaelekea wageni. Ukitaka yaende kushoto, geuka kinyume. Ukitaka yashuke sawasawa, mimina katikati, kisha ongea sana mpaka yatulie. Basi Ikweta haikuwa na kazi yo yote pale. Kazi yote ilikuwa ya mikono yetu.

Katika likizo ya Agosti lilikuja kundi la wageni, na miongoni mwao mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi, mwalimu wa shule. Alinitazama mpaka mwisho, hakupiga picha. Wenzake walipokwenda kununua vinyago alinikaribia, akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Mwanangu, mimi natoka Quito. Kwetu pia wanafanya mchezo huu, tena wengine husimamisha yai juu ya msumari." Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Shikamoo, mama," maana sikupata neno jingine la kusema, naye asingejua maana yake. Akanipa sarafu ndogo ya senti kumi ya kwao, akasema, "Siku moja ukifika kwetu, usiutazame mstari tu. Utazame mji."

Tangu siku ile nimesoma kila kitabu na ramani niliyoipata juu ya Quito, na mwalimu wetu wa jiografia amenisaidia. Haya ndiyo niliyoyapata.

HEWA NA MWINUKO

Jambo la kwanza litakalomshika mgeni ni pumzi yake. Quito ipo mita 2,850 juu ya bahari, yaani kiasi cha futi 9,350. Nairobi, ambayo watu wa pwani huilalamikia kwa baridi, ipo chini ya mita 1,800. Kwa hiyo hata mtu wa Nairobi akifika Quito atakuwa amepanda zaidi ya mita elfu moja. Huko juu hewa ni nyembamba. Kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mgeni hupatwa na kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, na pengine kichefuchefu. Dawa yake ya kwanza ni subira: siku ya kwanza na ya pili apumzike, anywe maji mengi, ale chakula chepesi, asinywe pombe, asipande vilima kwa haraka. Baada ya siku chache mwili huzoea. Akizidiwa, asijikaze kiume. Amwone daktari, na ashuke mahali pa chini.

Jambo la pili ni jua. Mgeni hulidharau kwa kuwa hewa ni ya ubaridi. Mchana joto huwa kama digrii 20, na usiku hushuka mpaka karibu 10. Lakini jua la Ikweta latoka utosini, na mwinuko umeondoa sehemu ya hewa ambayo ingelipunguza ukali. Mtu aweza kuungua ngozi huku amevaa sweta. Wenyeji husema kwamba siku moja ya Quito ina majira yote manne. Basi mtu achukue kofia, sweta na koti la mvua katika mfuko mmoja.

Wapenzi wa kandanda watafahamu sasa kwa nini timu za nje huogopa kucheza huko. Timu ya taifa ya Ekuador imechezea Quito mechi zake nyingi kubwa, na ndipo ilipopata nafasi yake ya kwanza ya kwenda Kombe la Dunia, ilipotoka sare ya 1-1 na Uruguay mwezi wa Novemba 2001. Bao la kwanza la Ekuador katika Kombe la Dunia, mwaka 2002, lilifungwa na Agustín Delgado, mtu wa bonde la Chota, kaskazini ya Quito. Watu wengi wa bonde hilo ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani kulima miwa. Kwa hiyo damu ya Afrika ipo huko tangu zamani, na mgeni kutoka kwetu asishangae kuona nyuso zinazofanana na za nyumbani.

JINSI MJI ULIVYOKAA

Quito ni mji mrefu mwembamba kama ukanda, umelala kutoka kaskazini hadi kusini katika bonde jembamba. Upande wa magharibi umesimama mlima Pichincha. Mlima huo una vilele viwili vikubwa ambavyo majina yake, kwa lugha ya Kikichwa ya wenyeji wa asili, ni Rucu, yaani Mzee, na Guagua, yaani Mtoto. Mzee amekwisha lala. Mtoto ndiye msumbufu: mwezi wa Oktoba 1999 alitoa wingu kubwa la moshi, na majivu yakaanguka juu ya mji.

Kiwanja cha ndege cha zamani kilikuwa katikati ya nyumba, na marubani walikiogopa. Tangu Februari 2013 ndege hutua Tababela, mashariki ya mji, na kutoka huko mgeni hupanda kwa barabara za milimani mpaka mjini. Ndani ya mji kuna mabasi ya umeme yashikayo waya za juu, yaliyoanza mwaka 1995, na tangu Desemba 2023 kuna treni ya chini ya ardhi yenye stesheni 15, ipitayo mjini kutoka kusini hadi kaskazini. Stesheni moja ipo chini ya uwanja wa San Francisco, ambao ni wa karne ya kumi na sita. Ilikuwa kazi kubwa kuchimba pale bila kutikisa kanisa lililo juu.

Fedha itumikayo ni dola ya Marekani. Hapo kale nchi ilikuwa na fedha yake iliyoitwa sucre, lakini mabenki yalianguka na sucre ikapoteza thamani, hata mwaka 2000 serikali ikaiacha. Sarafu ndogo tu ndizo za kwao wenyewe, kama ile niliyopewa. Juu yake pana sura ya Eugenio Espejo, mzaliwa wa Quito, tabibu ambaye baba yake alikuwa mtu wa jamii za asili za Andes. Mwaka 1792 alitoa gazeti la kwanza la Quito. Watawala wa Kihispania hawakupendezwa na maneno yake. Wakamfunga, naye akafa mwaka 1795 mara tu baada ya kutoka kifungoni. Sisi tuandikao katika gazeti hili dogo la shule tungefaa kumkumbuka.

MJI WA KALE

Wahispania waliuanzisha mji wao tarehe 6 Desemba 1534, chini ya Sebastián de Benalcázar. Lakini si kweli kwamba walikuta pori tupu. Mji ulikuwapo, mji wa Wainka, na kabla ya Wainka palikuwa na watu wengine. Jemadari wa Wainka aliyeitwa Rumiñahui alipoona hawezi kuuokoa aliuchoma moto, ili adui asipate kitu. Wahispania walijenga juu ya majivu hayo.

Mgeni na aanze katika Uwanja Mkuu, penye ikulu ya Carondelet na kanisa kuu. Hapo ndipo tarehe 10 Agosti 1809 wenyeji walipoondoa serikali ya Mhispania kwa mara ya kwanza. Walishindwa na wengi wao wakauawa mwaka uliofuata. Uhuru hasa ulikuja baada ya vita vya tarehe 24 Mei 1822, ambapo jeshi la Antonio José de Sucre lilipigana na Wahispania juu ya mteremko wa Pichincha, mbele ya macho ya watu wa mji waliokuwa wakitazama kutoka chini.

Kutoka hapo atembee hatua chache mpaka kanisa la Wajesuiti, liitwalo La Compañía. Lilianza kujengwa mwaka 1605 na kumalizika mwaka 1765, miaka 160! Baba alianza, na mjukuu wa mjukuu wake akamaliza. Ndani, kuta na dari zimefunikwa kwa mabati membamba ya dhahabu, membamba kuliko karatasi, hata mtu aingiapo kutoka juani haoni kwamba amelikimbia jua.

Kanisa la San Francisco lina hadithi yake. Wasema kwamba fundi mmoja wa asili ya Kihindi cha Amerika, jina lake Cantuña, aliahidi kumaliza baraza la mbele kwa siku maalum. Siku zikampita, akaogopa, akapatana na Shetani: Shetani amalize kazi usiku mmoja, naye achukue roho ya fundi, walakini lisipungue hata jiwe moja. Kulipopambazuka kazi ilikuwa tayari, lakini Cantuña alikuwa ameficha jiwe moja. Shetani akahesabu, akakuta pungufu, akaondoka mikono mitupu. Hiyo ni hadithi tu. Lakini mimi naipenda kwa kuwa yaonyesha kwamba waliobeba mawe yale, wakayachonga, wakayapanga, walikuwa wenyeji; na hadithi ndiyo iliyolihifadhi jina la mmoja wao.

Mwaka 1978 shirika la UNESCO lilipotoa orodha yake ya kwanza ya Urithi wa Dunia, mahali kumi na mbili tu palitajwa. Mji wa kale wa Quito ulikuwamo, pamoja na mji wa Kraków wa Poland. Katika orodha ile ile yalikuwamo makanisa ya Lalibela, yaliyochongwa ndani ya mwamba huko Ethiopia. Basi hata kwa orodha hiyo jirani yetu wa kaskazini na jirani yetu wa mstarini walikaa pamoja.

Kuna pia kanisa kubwa lililo jipya zaidi, liitwalo Basílica del Voto Nacional. Huko Ulaya makanisa ya namna ile huwa na sanamu za mazimwi kwenye mifereji ya mvua. Wajenzi wa Quito waliweka wanyama wa nchi yao: kobe, iguana, na yule mnyama wa magamba afananaye na kakakuona wetu. Nadhani hilo lilikuwa jambo la akili.

Juu ya kilima cha Panecillo imesimama sanamu ya Bikira Maria mwenye mabawa, iliyoundwa kwa vipande kama 7,000 vya alumini. Watu wote humshauri mgeni apande huko kwa gari, asiende kwa miguu, kwa sababu ya wanyang'anyi njiani. Tena tusifiche kwamba nchi hiyo imeteswa na magenge ya wauza dawa za kulevya, hata mwezi wa Januari 2024 Rais Daniel Noboa alitangaza kwamba nchi ipo katika vita vya ndani dhidi yao. Mgeni mwenye busara huuliza habari kabla ya kusafiri, habebi vitu vya thamani shingoni, na usiku hatembei peke yake.

Atakaye kuuona mji wote kwa mara moja apande vibanda vivutwavyo kwa waya, ambavyo tangu mwaka 2005 hupanda ubavuni mwa Pichincha mpaka karibu mita 4,000. Lakini asiende siku ya kwanza, kwa sababu nilizokwisha zitaja.

CHAKULA

Chakula kinachosifiwa sana ni locro, mchuzi mzito wa viazi, wenye jibini na parachichi juu yake. Hapa nilijifunza jambo lililonichekesha. Sisi twaita viazi hivi "viazi ulaya". Kumbe si vya Ulaya hata kidogo! Viazi vilianza kulimwa katika milima ya Andes maelfu ya miaka kabla Mzungu hajaviona. Wahispania walivichukua kwao, na baadaye Wazungu wakavileta kwetu. Mahindi nayo yatoka Amerika, na mihogo pia. Kwa hiyo mgeni kutoka kwetu akikaa mezani Quito, yeye ndiye anayekula chakula cha nyumbani, ila hapo ndipo nyumbani kwa chakula chenyewe. Kuna pia mnyama mdogo afananaye na panya mnene asiye na mkia, aitwaye cuy, na kwa Kiswahili simbilisi, ambaye huokwa mzima kwenye makaa siku za sherehe. Asiyependa akatae kwa adabu.

MSTARI WENYEWE

Sasa tufike mstarini, maana ndipo tulipoanzia. Neno Ekuador ni neno la Kihispania lenye maana ya Ikweta, na nchi ilipata jina hilo kwa ajili ya kazi ya wataalamu. Katika karne ya kumi na nane wataalamu wa Ulaya walishindana. Newton alisema kwamba dunia imebonyea kwenye ncha zake na kuvimba katikati, kwa sababu ya kuzunguka. Wengine katika Ufaransa walisema kinyume, kwamba imerefuka kuelekea ncha kama yai. Njia ya kuamua ilikuwa moja: kupima urefu wa digrii moja ya ardhi karibu na Ikweta, na kuipima tena karibu na ncha, kisha kulinganisha. Kundi moja lilikwenda Lapland. Kundi jingine, pamoja na Godin, Bouguer na La Condamine, lilifika Quito mwaka 1736, likafuatana na maofisa wawili wa Kihispania. Walipima kwa minyororo na vyombo vya kutazamia nyota, milimani, katika baridi na ukungu, kwa miaka kadhaa. Jibu likawa kwamba Newton alisema kweli.

Kwa sababu ya uvimbe huo, kilele cha mlima Chimborazo wa Ekuador, wenye mita 6,263, kipo mbali na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest, ijapokuwa Everest ni mrefu zaidi ukipimwa kutoka baharini.

Kiasi cha kilomita 25 kaskazini ya katikati ya Quito kuna mnara wa mawe wa mita 30, uliomalizika mwaka 1982, wenye tufe la dunia juu yake na mstari wa rangi ya manjano chini. Watu wengi sana hupigwa picha hapo, mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini. Lakini vyombo vya setilaiti vyaonyesha kwamba Ikweta yenyewe haipiti pale. Yapita kiasi cha mita 240 kaskazini. Wale wenye miguu miwili katika picha, yote miwili ilikuwa kusini!

Na ule mchezo wa maji hufanywa karibu na hapo, kama alivyoniambia yule mama. Ni kweli kwamba kuzunguka kwa dunia hupindua mwendo wa pepo na tufani kubwa, kaskazini kwa njia moja na kusini kwa njia nyingine. Lakini katika beseni nguvu hiyo ni ndogo mno. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, Ascher Shapiro, alijaribu. Alitumia chombo chenye upana wa futi sita, akayaacha maji yatulie saa 24, kisha akafungua tundu dogo. Ndipo akaona maji yakigeuka taratibu kama hesabu ilivyotaka. Mwaka 1965 wengine walijaribu vivyo hivyo Sydney, yakageuka kinyume. Hao walikuwa mbali sana na Ikweta, ambako nguvu hiyo ni kubwa. Hatua ishirini kutoka mstarini, yaani mahali ambapo karibu haipo kabisa, na maji yaliyotulia kwa dakika moja tu! Ni mikono, basi. Huko ni mikono na kwetu ni mikono.

Lakini kuna mahali pengine, karibu na mji wa Cayambe, ambapo wamesimamisha mlingoti wa mita 10 juu ya mstari na kutandaza sakafu ya mawe yenye alama za saa na majira. Pahali hapo paitwa Quitsato. Wageni hufundishwa kwa kivuli tu. Mashamba ya waridi yapo karibu, kama yalivyo kwetu Naivasha, na kwa sababu zile zile: nchi ya juu yenye ubaridi, jua la utosini, na mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, hata waridi hukua na shina refu lililonyooka.

NILIVYOFANYA

Niliposoma habari za mlingoti ule nilijiuliza kwa nini sisi hatuna. Kijiti hakina bei. Mwezi wa Machi, siku ambayo mchana na usiku ni sawa, tulisimamisha kijiti uwanjani mwa shule kwa msaada wa mwalimu wa jiografia. Shule yetu haiko mbali na mstari. Ilipopata saa saba kasoro dakika ishirini kivuli kilikwisha. Wavulana thelathini walikuwa wamekizunguka kijiti wakikitafuta.

Likizo ya Aprili nilimwendea kaka, nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Na kijiti kitalipa karo?" Sikuwa na jibu. Nikamwomba siku moja tu. Nikawaeleza wageni kwamba sasa, kuanzia Machi hadi Septemba, kivuli cha adhuhuri kwetu chaelekea kusini. Na wakirudi Desemba watakikuta kimeelekea kaskazini. Na kwamba hakuna kijiji cha Ulaya kiwezacho kuona jambo hilo. Mtoto mmoja alikaa chini kwenye vumbi akatia alama za kivuli kwa kokoto kila dakika tano, hata wazazi wake wakachoka kumwita.

Fedha tuliyopata siku ile ilikuwa pungufu kuliko ya beseni. Hiyo ndiyo kweli, nami siwezi kuandika vinginevyo katika makala hii. Siku ya pili kaka alirudia beseni lake, lakini nilimsikia akiwaambia wageni, "Kwanza kijiti, hiki ni elimu, kisha maji, haya ni mchezo." Wengine walicheka na kulipa kwa vyote viwili. Mimi nimemwambia kwamba kijiti nitakishika, lakini beseni sitalishika tena. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mdogo wangu. Tutaona Agosti."

Ninyi ndugu zetu mliomaliza shule, ambao kazi au masomo yawapeleka mbali, pengine mmoja wenu atafika Quito kabla yangu. Akifika na apumzike siku mbili, anywe maji, achukue kofia. Aingie La Compañía, ahesabu mawe ya Cantuña, ale viazi vya Andes. Akifika mnarani apige picha yake akipenda, kisha atembee zile mita 240 kwenda kaskazini. Na akimkuta kijana mwenye beseni, asimdharau wala asimtukane, kwa maana hajui karo ya nani imo ndani yake. Amwulize tu, kwa upole, kama ana kijiti.